Kipimo kinasema masikio mazima, lakini kwenye kelele sisikii neno. Kuna mwenzangu humu?

#1 Fundi Besi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka zake apite tu, hatutagombana.

Mimi ni fundi mitambo. Siyo ya magari, ya muziki. Huu ni mwaka wa 14 nafunga spika kwenye shughuli za watu: harusi, sendofu, kipaimara, mikutano ya injili ikitokea. Nakaa Sakina, Arusha, ila nusu ya riziki yangu iko Moshi, na nyie wa huku Kaskazini Desemba mnaijua. Wachaga wakishapanda kuhesabiwa, fundi spika hana kitanda. Leo kipaimara Kibosho, kesho sendofu mjini, keshokutwa harusi Marangu, na gari la vyombo halijapoa injini. Desemba iliyopita nilipiga shughuli 11 ndani ya siku 17.

Meza ya mikisa, ile ya kuchanganyia sauti, huwekwa palepale kila siku, ubavuni mwa sabufa. Kamati haitaki fundi aonekane kwenye video, na nyaya nazo ni fupi. Basi nakaa hapo saa sita, saba. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiingia MC anapiga kelele "ongeza fundi, ongeza!" Naongeza. Hela si yao?

Nikitoka hapo masikio yameziba kama nimevaa helmeti. Nalala, asubuhi yamezibuka. Miaka yote hiyo yanaziba yanazibuka, nikaona ni sehemu ya kazi, kama fundi gereji na grisi kwenye kucha.

Sasa tangu Januari kuna kitu sikielewi. Nyumbani kukiwa kimya nasikia vizuri kabisa. Nasikia saa ya ukutani, nasikia panya darini kabla hata paka hajamsikia. Lakini nikipanda hiace ya kwenda Kilombero, konda akiniuliza kitu nasikia sauti, sisikii maneno. Kwenye kikao cha kamati watu wakiongea watatu kwa pamoja nimekwisha, nacheka wenzangu wakicheka. Juzi nimeitikia "ndiyo" kumbe nimekubali kupunguza laki mbili kwenye bei. Mama watoto anasema najifanya. Na usiku sikio la kushoto linalia kama nyenje wa msimu wa joto, halinyamazi.

Nikaenda hospitali moja, jina nitaliacha. Kijana akanifungia kwenye kile chumba kidogo, hedifoni kichwani, bonyeza ukisikia tii. Nikabonyeza zote. Karatasi ikatoka, akaniambia "mzee, masikio yako ni mazima kuliko yangu." Daktari akasema ni mawazo, akaniandikia vitamini, nikaenda zangu.

Swali langu kwenu wajuzi: mtu anaweza kuwa mzima kwenye karatasi na kiziwi kwenye hiace?

#2 chalii_wa_Kijenge

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Ila mkuu, hapo kwa shemeji kuna wanaume wengi sana wenye ugonjwa huo, na wala hawajawahi kufunga spika.

#3 Bi Tangawizi

Pole baba. Hiyo ni nta imejaa. Mafuta ya nazi vuguvugu matone matatu usiku, unaziba na pamba. Marehemu mama yangu alitutibu wote hivyo kule Pasua, Moshi.

#4 Mashine Namba Mbili

Mkuu sikupingi hata kidogo. Mzee wangu alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa mtaa wa Unga Limited, Arusha, mimi nimekulia juu ya magunia. Mzee ukimsemesha gizani hakujibu, ukimsemesha mchana anakujibu vizuri. Tulikua tukiamini ni kiburi cha usiku. Nimekuja kushtuka ukubwani kwamba alikuwa anasoma midomo. Na hakuna siku hata moja alisema "sisikii". Alikuwa anasema "nyie watoto mnatafuna maneno."

#5 Nesi wa Zamu

Shikamoo Bi Tangawizi, lakini mafuta hapana. Kama ngoma ya sikio ina tundu na mtu hajui, unayapeleka ndani kabisa. Na nta ingekuwa ndiyo shida, kipimo kingeonyesha usikivu umeshuka. Chake kimetoka safi.

Kaka Fundi, jambo moja kabla wengine hawajaingia. Umesema mlio uko sikio la kushoto tu. Mlio wa upande mmoja haupuuzwi, rudi uchunguzwe upya hata kama chanzo ni kelele, maana kuna sababu nyingine za kuondoa kwanza. Na hii ni kwa wote: siku sikio moja likikata ghafla, ndani ya saa au siku chache, usisubiri lizibuke. Nenda siku hiyohiyo. Ile ina matibabu, lakini dirisha lake ni dogo.

#6 Fundi Besi

Nesi asante. Sabufa inakaa kushoto kwangu. Sijui kwa nini sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

#7 Msikilizaji

Nimesomea fiziolojia ya kusikia, na huu uzi umenigusa pabaya, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu. Mkuu Fundi, jibu ni ndiyo, inawezekana, na wala si mawazo. Nitakueleza kwa lugha ya kazi yako.

Ndani ya sikio kuna koklea, mrija uliojiviringa kama gamba la konokono. Humo kuna seli zenye vinyweleo, za aina mbili. Za nje, kama 12,000 kila sikio, kazi yake ni kuongeza nguvu ya mtikisiko, tuseme amplifaya. Za ndani ni chache sana, kama 3,500, na hizo ndizo maikrofoni zenyewe. Maikrofoni bila waya ni pambo, siyo? Waya ni mshipa wa fahamu wa kusikia, una nyuzi kama 30,000. Kila seli ya ndani imechomekwa nyuzi kumi na zaidi. Na pale uzi unapokutana na seli pana kiungo kidogo mno kinaitwa sinapsi. Hiyo ndiyo jeki yako. Seli inamwaga kemikali inayoitwa glutameti, uzi unaipokea, umeme unaanza safari ya kwenda ubongoni.

Kwa miaka mingi mafundisho yalikuwa hivi: kelele inaua seli za vinyweleo, uzi hufa baadaye kwa kukosa kazi. Masikio yakiziba kisha yakazibuka, maana yake seli zimepona, mtu amepona. Yaani hesabu ileile uliyokuwa unaipiga wewe miaka 14.

Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walichapisha kazi iliyovuruga hesabu hiyo. Waliwapigia panya kelele ya desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa mbili tu. Usikivu wa panya ukashuka, halafu ndani ya wiki kama mbili ukarudi. Seli za vinyweleo zote zipo, hakuna iliyokufa. Kwa mafundisho ya zamani hao panya ni wazima. Lakini walipohesabu jeki kwa darubini, kwenye sehemu ya koklea inayosikia sauti za juu, karibu nusu zilikuwa zimekwisha. Zilipotea ndani ya siku moja na hazikurudi. Nyuzi zenyewe zikaendelea kufa polepole, miezi, hata zaidi ya mwaka, bila kelele nyingine yoyote.

Sababu ni kwamba kelele kubwa inaifanya seli imwage glutameti kupita kiasi. Ncha ya uzi inalemewa, inavimba, inapasuka na kuachia. Wewe ungesema laini imeungua kwa kuzidishiwa mzigo.

Sasa kwa nini kipimo hakioni? Kipimo cha kubonyeza kinauliza jambo moja tu: sauti ndogo kabisa unayoisikia ni ipi, kukiwa kimya. Kwa kazi hiyo nyuzi chache zinatosha. Tangu miaka ya 1950 Harold Schuknecht alikwishaona kwa paka kwamba unaweza kukata sehemu kubwa ya mshipa wa kusikia na kipimo kisitikisike. Ni kama ukague multikoa, ile kebo nene yenye laini 32 ndani, kwa kupitisha tii moja. Tii imefika, unasema kebo nzima. Siku ya shughuli unachomeka bendi kamili ndipo unagundua laini 15 zimekufa.

Na kuna la kuudhi zaidi. Nyuzi haziko sawa. Zipo zinazoamka kwa sauti ndogo, zikipigiwa kelele zinajaa haraka, haziwezi kusema zaidi. Zipo nyingine nzito kuamka, hazishtuki mpaka sauti iwe kubwa, na hizo ndizo zinazobaki na nafasi ya kutofautisha neno na kelele iliyolizunguka. Kwenye majaribio ya wanyama, hizi nzito ndizo huwa za kwanza kukatika. Panya wa darini unamsikia. Konda humsikii.

Nitaendelea, betri.

#8 chalii_wa_Kijenge

Aisee. Nimeacha kucheka.

#9 Mbishi Halali

Somo zuri, lakini panya ni panya. Nani amefungua kichwa cha fundi spika akahesabu hizo jeki? Huku Arusha kuna watu wamekaa na sabufa miaka thelathini wanasikia mpaka umbea wa nyumba ya tatu.

#10 Msikilizaji

Mbishi umeuliza swali ambalo watafiti wenyewe wanaliuliza, sitakukwepa. Kwa mtu aliye hai huwezi kuhesabu sinapsi, zimo ndani ya mfupa mgumu kuliko mingine yote mwilini. Zinahesabiwa kwa waliofariki na kutoa masikio yao kwa utafiti. Huko zimeonekana nyuzi zilizopotea wakati seli za vinyweleo bado zipo, na zinazidi kupungua na umri. Kwa walio hai wanatumia njia za kuzunguka, kama kupima umeme wa mshipa kwa vibandiko kichwani. Matokeo hayako sawa: vikundi vingine vya watu wa kelele vimeonyesha umeme umepungua, vingine vya vijana wenye kipimo safi havikuonyesha tofauti. Na sikio la panya haliumii kwa kiwango kilekile na letu. Kwa hiyo siwezi kumwambia Fundi "umepoteza nusu." Ninachoweza kumwambia ni kwamba malalamiko yake yana mahali pa kukaa, na karatasi aliyopewa haiyapimi.

Sasa nimalizie upande wa ubongo, maana ndiko nyenje wake anakoishi.

Mshipa ukiingia kwenye shina la ubongo unatua kituo cha kwanza. Hapo kuna ncha kubwa ajabu, zinakumbatia seli ya ubongo kama vidole vilivyoshika yai. Hans Held, Mjerumani, alizieleza mwaka 1893, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Ukubwa wote ule ni kwa ajili ya muda: ujumbe upite bila kuchelewa hata sehemu ndogo ya milisekunde, kwa sababu ubongo unatumia muda huo kujua sauti imetoka kulia au kushoto, na kutenga sauti ya anayekusemesha na za wengine. Nazo hazibaki kama zilivyo kelele ikizidi. Watafiti wa Buffalo, jimbo la New York, walichapisha mwaka 2015 kazi ya panya waliokuzwa kwenye kelele ya mfululizo, hata siyo ile ya kuumiza sikio. Ncha zile zikabana utoaji wa kemikali na kuongeza akiba, kama dereva anayebana mafuta akijua safari haina mwisho. Panya waliporudishwa kwenye utulivu, ncha zikarudi. Kwa hiyo kuna sehemu inayojirekebisha na kuna sehemu iliyokatika ikakatika.

Halafu ubongo ukiona laini zinaleta ishara hafifu unafanya unachofanya wewe: unapandisha gaini, yaani unaikuza ishara. Ukipandisha gaini kwenye laini mbovu unapata nini, Fundi?

#11 Fundi Besi

Mvumo. Shhhhh mpaka asubuhi.

#12 Msikilizaji

Ndiyo nyenje wako huyo. Ni dhana yenye nguvu zaidi tuliyo nayo kuhusu mlio wa masikio, ingawa si kila mlio una chanzo hicho. Mwaka 2011 Roland Schaette na David McAlpine wa London walipima watu wenye mlio lakini kipimo safi kama chako. Umeme wa mshipa wenyewe ulikuwa mdogo kuliko wa wasio na mlio, ila ulipofika mbele ndani ya shina la ubongo ulikuwa wa kawaida. Yaani kuna mtu njiani kapandisha gaini. Wao ndio walioliita jambo hili upotevu wa usikivu uliofichika.

#13 Apolo Mstaafu

Nimesoma hadi hapa, mikono inatetemeka kidogo. Mimi nilikuwa mwanaapolo, yaani mchimba tanzanite, Mirerani, miaka tisa chini. Nilikuwa nachoronga. Mashine ya kuchoronga mwamba mnaijua sauti yake? Kule chini haina pa kwenda, inapiga ukuta inakurudia. Halafu baruti. Tulikuwa tunajitenga kwenye kona, tunafungua mdomo, tunaziba masikio kwa viganja, boss anasema inatosha. Anayevaa kitu masikioni anaambiwa hatasikia jiwe likianguka.

Leo niko Arusha nauza vijiwe vidogo vidogo. Wenzangu wakikaa mtaani kupiga bei, bei inasemwa kwa kunong'ona, mnajua biashara yetu. Sisikii. Nimepoteza dili siyo moja. Nimekuwa naenda na kijana wangu wa darasa la sita, yeye ndiye sikio langu. Wateja wanadhani namfundisha biashara.

#14 Nesi wa Zamu

Kaka Apolo, pole sana. Kwako wewe sidhani kama ni kilichofichika peke yake. Mashine za hewa za kuchoronga zinapita desibeli 110, hapo hata seli zenyewe zinakufa, na kwa binadamu seli hizo haziоti tena. Kuku zake zinaota, sisi hapana. Sikio lina msuli mdogo unaojikaza sauti kubwa ikija, lakini unachelewa. Baruti imeshapita ndipo unajikaza. Nenda ukapimwe. Ikionekana usikivu umeshuka, kifaa cha kusikia kinaweza kukusaidia, na mtoto akarudi kwenye daftari zake.

#15 Apolo Mstaafu

Nitakwenda dada. Kumbe kuku wanatuzidi.

#16 Mama Wawili Njiro

Jamani niulize kama mzazi. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu Machame. Wanangu wamecheza mbele ya spika kuanzia saa nane mpaka giza. Yule mdogo, miaka sita, usiku akaniambia "mama mbona unaongea ndani ya ndoo?" Asubuhi akawa sawa. Ina maana tayari?

#17 Msikilizaji

Mama Wawili, siku moja siwezi kuisemea, na usikose usingizi. Ila ile "ndoo" ni sikio linalosema limezidiwa, na tumeshaona kwamba kuzibuka asubuhi si uthibitisho kwamba hakuna kilichopotea.

Hesabu ya kujilinda ni hii. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa mara mbili, kwa sababu nishati ya sauti imezidi maradufu. Kwa hiyo 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 100 ni dakika 15 basi. Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima linasema 80 kwa saa 40 za wiki nzima, na kwa kumbi za burudani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwamba wastani usizidi 100. Na hivyo viwango viliwekwa kwa kuangalia kipimo kilekile cha kubonyeza. Havikuwekwa kwa kuhesabu jeki. Binafsi nadhani ni vya ukarimu mno, lakini hayo ni maoni yangu.

Mtoto asogezwe. Uwanjani, umbali kutoka spika ukizidishwa mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6, ambayo kwa hesabu hiyo hapo juu ni kumpa muda mara nne. Hatua kumi zinafanya kazi kubwa kuliko pamba.

#18 Mangi wa Kibosho

Hapa sasa niseme na mimi kama mwenyekiti wa kamati nyingi. Mnamlaumu nani? Shughuli bila mziki mnene watu wanaondoka wanasema mmewalisha ndafu kimyakimya kama msibani. Fundi akipunguza, mjomba anakuja na glasi ya mbege mkononi kuuliza kama spika zimekodiwa nusu bei. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, nakiri.

#19 Mbishi Halali

Mangi umekiri bila hata kubanwa. Andika tarehe.

#20 Jirani wa Ukumbi

Na sisi tusioalikwa? Ninakaa nyuma ya ukumbi Arusha hapa, Ijumaa hadi Jumapili madirisha yanacheza. NEMC, wale wa mazingira, wana kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003 ipo chini ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Fundi ni mfanyakazi, ukumbi ni mahali pa kazi. Kwenye karatasi tumekamilika. Nilipopeleka malalamiko niliambiwa nilete mashahidi, nikawauliza mashahidi gani wakati mtaa mzima haujalala?

#21 Fundi Besi

Jirani samahani kwa niaba ya wenzangu, na huenda kwa niaba yangu.

Jana nilijaribu kitu. Nimepakua programu ya kupima sauti kwenye simu, najua siyo kipimo rasmi, nikaiweka kwenye meza yangu wakati wa sendofu. Wakati wa kula ilikuwa inacheza 88. Ndafu ilipoingia ikakaa 103. Nimepiga hesabu ya Msikilizaji: kwa 103 bajeti yangu ya siku nzima ni dakika saba na nusu. Ndafu peke yake ilichukua nusu saa, maana walicheza nayo mpaka mbuzi akachoka mwenyewe.

Dawa ipo ya kurudisha jeki?

#22 Msikilizaji

Iliyoidhinishwa kwa watu, hapana. Maabara za Marekani ziliripoti mwaka 2014 kwamba panya walioongezewa protini fulani ya kulea neva, nyurotrofini-3, walirudisha sehemu ya sinapsi baada ya kelele. Kutoka hapo hadi duka la dawa Arusha ni safari ndefu. Kwa hiyo atakayekuuzia matone ya "kuzibua mshipa" kwenye hiace, mwache ashuke na matone yake.

Unachoweza kudai ni vipimo vingine. Omba kipimo cha kurudia maneno huku kelele ikipigwa, siyo tii kwenye kimya. Omba pia wapime sauti nyembamba, za juu zaidi ya hezi 8,000 (mitetemo kwa sekunde), kwa sababu kipimo cha kawaida kinaishia hapo wakati sikio la kijana linafika hadi 20,000. Na ulichobakiwa nacho kilinde. Vizibo vya sponji maalumu vikiingizwa vizuri vinaweza kupunguza desibeli 20 na ushee. Unavisokota vyembamba, unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unashikilia mpaka vijae. Pamba ya dukani na kipande cha godoro ni kujidanganya. Kwa nyie mafundi vipo pia vya kupunguza sauti zote kwa usawa, bado unasikia mchanganyiko wako vizuri.

#23 Mashine Namba Mbili

Mkuu umenikumbusha. Mzee alikuwa anaweka pamba iliyochovywa mafuta ya taa. Alikuwa anasema inazuia vumbi na kelele kwa mkupuo mmoja. Kumbe hata vumbi sina hakika.

#24 Fundi Besi

MREJESHO, kama nilivyoahidi baadhi yenu faragha.

Nimekwenda hospitali nyingine, Moshi. Daktari amelichunguza sikio la kushoto, amenipangia na picha ya kichwa kwa ajili ya ule mlio wa upande mmoja, kwa hiyo Nesi ubarikiwe. Mpimaji hapo akanisikiliza mpaka mwisho, akanifanyia kile cha maneno. Kwenye kimya nilirudia maneno yote 25. Akaweka kelele ya watu wanaoongea nyuma, sikio la kulia nikapata 19. La kushoto 11. Akanionyesha karatasi mbili, ile ya kubonyeza ambayo bado ni safi kabisa, na hii. Hakusema ni mawazo.

Hiyo karatasi ya pili nimempa mama watoto aisome mwenyewe. Hakusema kitu, alikwenda jikoni. Tangu siku hiyo akitaka kuniambia jambo anazima televisheni kwanza, anakuja mbele yangu. Nami nimeacha kuitikia "ndiyo" hovyo, nasema "rudia". Ile laki mbili imekwenda, siirudii.

Kazini nimenunua kebo ya mita 30. Meza imehamia nyuma ya wageni, mbali na sabufa. Mikisa inasikika vizuri zaidi ukiwa huku nyuma, hilo ningelijua mapema ningepiga muziki mzuri miaka yote. Kamati ya juzi ililalamika kwamba meza inaonekana kwenye video. Nikaifunika kitambaa cha rangi ya mapambo, wakanyamaza. Nyenje bado yupo.

#25 chalii_wa_Kijenge

Mkuu samahani kwa ule utani wa shemeji pale juu. Hivyo vizibo vya sponji vinauzwa wapi? Jumamosi tunapiga ngoma Ngarenaro, na mimi ndiye nakaa karibu na spika.

#26 Fundi Besi

Usijali chalii. Uliza maduka ya vifaa vya ujenzi, kule kwenye helmeti na glavu, wauzaji wengi hata hawajui ni vya nini. Chukua pea nne, usimpe mtu chako kilichotumika. Na ukifika Ngarenaro wasogeze hao jamaa na spika yao kabla hamjaanza, ukianza hawatakusikia.